Nilifungulia ng'ombe wakala nyanya za mke wangu, ikabidi nijifunze kutengeneza salsa

Wakuu, salamu kutoka Endasak, chini ya mlima Hanang. Wadogo zangu, marahaba. Kama kuna wakubwa zangu humu, shikamooni.

Mimi ni mzee. Nilifika kidato cha nne enzi hizo, nikarudi nyumbani kulima, na sijaondoka tena. Jioni huwa nakaa nje nasoma nyuzi zenu, nacheka peke yangu, halafu nazima simu. Leo nami naandika. Mnivumilie, naandika kwa kidole kimoja.

Nitasema yaliyotokea na sitaongeza chumvi. Chumvi yenyewe mtaiona huko mbele.

Habari yangu inahusu nyanya.

Mke wangu, Mama Paskali, alikuwa na bustani kwenye kona ya chini ya shamba letu, pale udongo unaposhika unyevu hata kiangazi. Nyanya, pilipili, vitunguu, giligilani kidogo. Alikuwa anamwagilia kwa maji ya kuoshea vyombo, na yakipungua anakwenda korongoni na ndoo.

Nyanya zake hazikuwa hizi za sokoni zenye ngozi kama mpira. Zilikuwa ndogo, zenye mikunjo kama boga, chachu. Ukipasua moja jikoni, aliye mlangoni anajua.

Mbegu alipewa na mama yake siku alipoolewa. Kila mwaka aliacha mashina machache yaive mpaka mwisho, akakamua mbegu, akachanganya na majivu, akazipaka ukutani jikoni zikauke. Miaka yote hiyo nimeishi na ukuta wenye madoa na sikuwahi kuuliza ni madoa ya nini.

Sasa, salsa inaingiaje?

Binti yetu Fausta ni mpishi kwenye hoteli ya watalii huko Karatu. Mama yake alikwenda kumtembelea, akarudi na neno hilo. Salsa. Mimi nikajua ni ile ngoma ya kucheza wawili wawili. Nikamwambia, "Mama Paskali, kwa magoti hayo utacheza na nani?"

Akasema, "Nitacheza na wewe, maana yako ni mabovu zaidi."

Kumbe ni ya kula. Kwa wasioijua, ni ndugu wa kachumbari. Kachumbari unakata vipande virefu vyembamba. Salsa unakatakata nyanya mpaka iwe kama punje za mahindi, kitunguu vilevile, pilipili mbichi, giligilani, ndimu, chumvi. Haipikwi. Unaiacha itulie kidogo, unakula.

Tangu hapo, nyanya zikiiva tu, mchana anatengeneza. Ananiwekea kibakuli pembeni ya ugali. Mimi nakisogeza. Nasema hicho ni chakula cha wazungu, nipe mlenda wangu. Hakubishana. Alikivuta upande wake akala changu na chake.

Wakuu, sikuwahi hata kuonja. Ningeonja nikasema mbaya, hilo lingekuwa jambo jingine.

Nirudi kwenye mada.

Huku kwetu mahindi yakishavunwa, mabua hayana mwenyewe sana. Unafungua uzio wa miba, wafugaji wanaingiza ng'ombe. Wao wanapata malisho, wewe unabaki na samadi shambani. Mimi miaka mingi nimefungulia ng'ombe wa Gida, mfugaji wa Getanuwas, rika langu kabisa. Yeye ni Mbarbaig, mimi ni Mmbulu, na utani wetu hauna mwisho.

Mwaka jana baada ya mavuno, Gida akaja asubuhi na ng'ombe wake. Mama Paskali alikuwa amekwenda kwenye sala za jumuiya. Lango letu la kawaida liko upande wa juu, lakini siku hiyo sikutaka kupanda. Nikafungua miba upande wa chini, karibu na nilipokuwa nimekaa.

Upande wa chini ndiko kwenye bustani. Kati ya bustani na mabua kulikuwa na uzio mwembamba wa matawi makavu.

Sitasema sikuuona. Niliuona. Nilijiambia ng'ombe watapita pembeni.

Tukakaa mimi na Gida kwenye kivuli cha ghala, tukaanza kukumbushana ujana. Jua lilikuwa zuri, la baridi, mlima umevaa wingu lake kichwani tu. Nakumbuka nilisikia kitu kinavunjika, kama kuni ndogo. Nikaendelea na hadithi.

Ng'ombe aliyeshinda kwenye nyasi kavu akiona kijani hakizunguki.

Mama Paskali aliporudi alisimama pale juu ya bustani muda mrefu na kanga yake ya jumuiya mabegani. Hakupiga kelele. Aliinama akachukua shina moja lililokanyagwa, akalifikicha, akanusa vidole. Mashina aliyoyaacha kwa ajili ya mbegu nayo yalikuwa yamekwenda. Mbegu ya mwaka uliotangulia alikuwa ameshaipanda yote.

Hapo ndipo nilipofanya kosa la pili, na naliona kubwa kuliko la kwanza. Nilisema, "Nyanya si zinauzwa Katesh?"

Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka jina langu.

Kesho yake alifunga nguo zake akaenda kwa dada yake, kijiji cha Nambis, kule Mbulu. Watu tuliwaambia amekwenda kumuuguza dada, mguu unamsumbua. Mguu ulikuwa unamsumbua kweli, lakini ulikuwa unamsumbua tangu zamani.

*

Nilikaa nikidhani atarudi wiki hiyo. Hakurudi. Nikafanya walivyofanya baba zetu: ukimkosea mtu, unachukua mbuzi na mzee mmoja mwenye maneno mazuri, mnakwenda. Nilimchukua jirani yangu, tukasafiri mpaka Nambis, mbuzi akilia njia nzima.

Jirani yangu alizungumza vizuri sana. Alitaja miaka, alitaja watoto, alitaja mvua. Mama Paskali alisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, akamletea uji.

Kisha akaniambia, "Baba Paskali, huyo mbuzi alikanyaga nini?"

Nikasema hakukanyaga kitu.

"Basi mrudishe kule kwako. Asiteseke kwa kosa la ng'ombe."

Dada yake, shemeji yangu, alikuwa amekaa mlangoni amenyoosha ule mguu. Akacheka mpaka akaushika. "Shemeji, ungeleta hata nyanya ya kopo."

Tukarudi. Mbuzi alilia tena njia nzima.

Wakuu, nyumba ikikaa bila mtu mmoja inabadilika sauti. Nilikuwa nalala mchana, jambo ambalo sikuwahi kufanya. Na kila nikilala nasikia kisu juu ya kibao. Tak tak tak, taratibu, kama mvua inayoanza juu ya bati. Nasikia harufu ya nyanya. Naona mkono wake unasukuma kibakuli kuja kwangu juu ya meza, na meza inarefuka, kibakuli kinakuja, kinakuja, hakifiki. Naamka. Nje kuku wanakwaruza, mlima uko pale pale, wingu limeshuka mpaka kwenye nyumba za juu.

Siku moja nilipoamka kutoka ndoto hiyo nikampigia Fausta. Nikamwambia nataka anifundishe salsa.

Akaita haloo mara mbili. Nikafikiri mtandao umekata.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba."

"Umeumwa?"

"Sijaumwa."

"Ulisema ni ya wazungu."

"Nilisema."

"Haya. Una kisu kikali?"

Sikujua. Nilikuwa sijui kama nyumbani kwangu kuna kisu kikali. Mimi kwenye jiko lile niliingia kuwasha sigara, zamani nilipokuwa navuta, na kutoka.

Fausta alikuwa ananitumia maelekezo kwa meseji za sauti akitoka kazini. Nyanya za kujifunzia nilinunua mnadani Katesh. Mara ya kwanza nilimtumia picha, akajibu, "Baba, hizo ni nyanya au matofali?"

Mara ya pili nilikata kitunguu na sikukiosha. Kumbe kitunguu unakifikicha kwa chumvi, unakisuuza kwa maji, ule ukali unaondoka. Mimi nilikula ukali wote mpaka jioni.

Mara nyingine nilikata pilipili nikapangusa jicho. Hapo nilikaa kwenye kigoda katikati ya jiko nikalia machozi, na nikaona si mabaya, nikayaacha yaendelee. Yaliyotokana na pilipili yalikwisha mapema.

Jambo alilolirudia Fausta kila mara ni maji. "Baba, adui wa salsa ni maji. Pasua nyanya, toa ule utumbo wa katikati wote, mbegu na majimaji, tupa. Baki na nyama. Chumvi weka mwisho kabisa wakati wa kula, maana chumvi inavuta maji."

Nililishika hilo kama amri ya Mungu. Mtayaona matokeo yake.

Mvua za vuli zikaja, nikapanda peke yangu. Paskali mwenyewe, mkubwa wetu, yuko mbali kikazi, alikuwa akinipigia ananiuliza mama anaendeleaje, namwambia mguu wa mama mkubwa haujapona. Ananiambia, "Mguu gani huo, baba, usiopona?" Anajua. Nakata simu.

Nilifika mahali nikaweza kutengeneza salsa nzuri. Lakini nyanya za Katesh ni nyanya za Katesh. Nilijua nikizipeleka Nambis nitakuwa nimempelekea yale maneno yangu mwenyewe ndani ya bakuli.

*

Kiangazi kidogo kile cha mwezi wa pili, Gida akanipigia. Yeye simu yake akiishika anapiga kelele kama anaita ng'ombe ng'ambo ya bonde.

"Mzee. Ninyi Wambulu mnasema sisi hatujui kulima."

"Tunasema kwa sababu ni kweli."

"Basi njoo uone. Ng'ombe wangu wamelima."

"Wamelima nini?"

"Nyanya. Kwenye lile zizi langu la zamani. Ndogondogo, zina mikunjo. Njoo haraka, mbuzi wameshaziona."

Nilikaa chini. Kisha nikaita pikipiki.

Ng'ombe wa Gida walikula nyanya za Mama Paskali, wakarudi kwao Getanuwas, wakalala, wakaziacha pale na samadi. Gida akahamisha zizi. Mvua ikanyesha juu ya ile samadi nzito, laini, yenye joto, na mbegu zikaamka.

Sijui kama nitaweza kueleza nilivyoona. Zizi la zamani, miba imeanguka kuelekea ndani, imekuwa kijivu. Na juu ya ile miba nyanya zimetambaa, mashina marefu yamelala hovyo, na katikati ya kijivu chote hicho vitone vyekundu. Upepo ulikuwa unatoka kule chini kwenye mbuga, na ulikuwa na harufu ya jikoni kwangu. Nilisimama nimevua kofia. Kwa muda sikujua ni mwaka gani. Nilitegemea mtu aniite chakula tayari.

Gida akasema, "Mzee, usilie kwenye zizi la watu, utaleta mkosi."

Mbuzi walikuwa wametangulia. Mashina mengi yalikuwa yametafunwa mpaka chini, na hata tulipokuwa pale tuliwafukuza wengine. Mke wa Gida alikuwa ameokoa nyanya chache kwenye kibuyu kilichokatwa. Nilichuma nilizozikuta kwenye miba, nikachanwa mikono yote miwili. Zilijaza kofia yangu. Tulipomaliza hapakubaki shina la kungojea.

Nilirudi nazo zimefunikwa kwa koti. Nilimwambia dereva aende polepole, kama mtu aliyebeba mayai.

Kesho yake alfajiri niliwasha koroboi jikoni. Nilinoa kisu. Nilivaa shati langu jeupe la Jumapili kabisa, ili nikimaliza nipande pikipiki moja kwa moja, sikufikiri kwamba anayekata nyanya havai shati jeupe.

Nikafanya kila kitu alichosema Fausta. Nikapasua, nikatoa utumbo, mbegu na majimaji, nikavimwaga nje nyuma ya jiko pale panapomwagwa maji ya vyombo. Nikakatakata nyama yake kama punje za mahindi. Kitunguu nikakifikicha kwa chumvi, nikakisuuza. Pilipili, nikanawa mikono kwa sabuni. Vyote nikaviweka kwenye chombo chenye mfuniko, ndimu na chumvi nikazifunga pembeni.

Nje kulikuwa na ukungu. Nilifungulia kuku, nikaondoka.

*

Njia ya kupitia Dongobesh asubuhi ile ilikuwa kama njia ya ndotoni. Ukungu ulikuwa umelala mabondeni, vilima vimetokeza vichwa tu, na pikipiki inashuka ndani ya weupe, inapanda tena kwenye jua, inashuka. Nilikuwa nimekumbatia chombo changu. Nilikuwa natunga maneno. Nikifika kwenye jua yanaonekana mazuri, nikishuka kwenye ukungu nayasahau.

Nambis nilimkuta Mama Paskali anapepeta maharage uwanjani. Dada yake yuko mlangoni vilevile, mguu umenyooshwa.

"Shemeji, safari hii mbuzi umemwacha wapi?"

Nikaomba bakuli na kijiko. Mama Paskali akamtazama dada yake. Dada yake akaniletea mwenyewe, akichechemea, hakutaka kukosa.

Nikakaa chini nikaanza kuchanganya. Nikakamua ndimu. Nikaweka chumvi mwisho.

Shemeji akasema, "Leo Mbulu imepinduka. Mwanamume anachanganya mboga mchana kweupe. Niwaite majirani au niwaache?"

"Waite," nikasema. Nilimaanisha.

Hakuwaita.

Nikampa Mama Paskali bakuli kwa mikono miwili. Yale maneno niliyoyatunga njiani yote yalikuwa yamebaki kwenye ukungu. Nikasema tu, "Ni ile salsa yako. Nilikosea. Nilifungua upande wa chini kwa uvivu, na nilichosema baadaye kilikuwa kibaya zaidi."

Alipokea. Alinusa kwanza. Mkono ukasimama.

Akaonja. Akatafuna polepole, macho yake yako kwenye mti wa jirani, hayatazami mti.

"Hizi umezitoa wapi?"

"Kwa Gida."

"Gida analima?"

"Hapana. Zimeota zizini. Ng'ombe walizibeba."

Akaonja tena. Nikaona mdomo wake unataka kucheka na unakatazwa. "Ng'ombe wana akili," akasema.

Kisha akakoroga bakuli kwa kijiko, kama mtu anayetafuta kitu kilichodondoka humo. Akakoroga tena.

"Mbegu ziko wapi?"

"Fausta alisema zitolewe. Zinaleta maji."

"Fausta anapikia wageni. Mbegu umezitoa ukaziweka wapi?"

"Nilizimwaga. Nyuma ya jiko. Pale pa maji ya vyombo."

"Zote?"

"Zote."

"Kwa Gida zimebaki?"

"Mbuzi wamemaliza."

"Na kuku umewafungia?"

Wakuu, mtu anaweza kukosea kwa kutojali, halafu akakosea kwa kujali sana, na matokeo yakawa yaleyale. Nilitazama chini. Alinielewa.

Mama Paskali akaweka bakuli chini, akasimama, akapangusa mikono. "Dada, nipe ile kanga yangu kwenye kamba."

Dada yake akasema, "Si ule kwanza, mbona chakula kiko hapa?"

"Nitakula kwangu."

Aliingia ndani kuchukua kanga na mimi nikabaki nimekaa na lile neno. Miezi yote ile, kila alipotaja nyumba yetu, alisema kule kwa Baba Paskali. Fausta alikuwa ameniambia, na siku ya mbuzi mimi mwenyewe aliniambia kule kwako. Sasa alisema kwangu, na hakuonekana kama amejua amelisema. Alikuwa anafikiria kuku.

Tukarudi watatu kwenye pikipiki moja, dereva, yeye, mimi nyuma. Mshikaki. Naomba wanaohusika na usalama barabarani wanisamehe. Ukungu ulikuwa umekwisha, vilima vimefunguka vyote. Kanga yake ilikuwa inapigwa na upepo inanifunika uso, na kila mara dunia inakuwa na maua mekundu halafu inarudi. Mara moja tu alimwambia dereva, "Mwanangu, ongeza mwendo." Mwanamke ambaye hupanda pikipiki huku anasali rozari.

Tulipofika hakuingia hata ndani. Alizunguka nyuma ya jiko.

Kuku walikuwa pale. Jogoo amesimama juu ya kile kitope kama mwenyekiti wa kijiji. Wamekwaruza, wamechimba, wamesafisha. Mama Paskali akapiga magoti. Nami nikapiga yangu, kwa shida. Tukatafuta kwa vidole kwenye tope. Tulipata maganda ya vitunguu. Tulipata kijiko cha chai kilichopotea siku nyingi. Mbegu hatukupata.

Kibao cha kukatia nilikuwa nimekisugua kikang'aa. Kisu nilikiosha. Sijawahi kuwa msafi hivyo maishani mwangu.

Alikaa kwenye visigino vyake, mikono imejaa tope. Jua lilikuwa limeanza kuwa la njano, kivuli cha mlima kinateremka kuja kwetu shamba kwa shamba. Nilijua sasa atasimama, atamwambia dereva amrudishe. Pikipiki ilikuwa bado uwanjani, dereva anakunywa maji.

Nikasema, "Mama Paskali, nimezimaliza."

Akanigeukia anijibu.

"Usisogee," akasema.

Akanishika kifundo cha mkono wa kulia. Tangu ile siku ya jumuiya hakuwa amenigusa. Akakigeuza taratibu kwenye mwanga. Pindo la mkono wa lile shati jeupe lilikuwa na doa la nyanya lililokauka, na ndani ya doa, zimegandamana na kitambaa, mbegu. Ndogo, za rangi ya majani makavu. Akapandisha macho. Nyingine kwenye kiwiko. Nyingine karibu na kifungo.

"Simama hivyohivyo. Usinyanyue mkono."

Akaenda jikoni akarudi na kisahani chenye majivu. Akaanza kuzibandua moja moja kwa ukucha. Nilisimama kama mtoto anayeshonewa sare. Nilihisi pumzi yake mkononi. Kuku walikuja kuangalia, akawafukuza kwa mguu bila kutazama. Hakuharakisha. Nadhani aliipekua ile nguo uzi kwa uzi, mbele, mikono, kola, na pale ambapo hapakuwa na kitu pia.

Dereva akaita kutoka uwanjani, "Bibi, nikusubiri au niende?"

Hakugeuka. Alikuwa anatazama kifungo cha tatu.

"Nenda mwanangu," akasema. Halafu kwa sauti ya chini, kwangu, bila kuacha kazi: "Mwaka huu usifungue uzio mpaka uwe umeniuliza."

Nikasema, "Sawa."

Mavuno, wakuu, yalikuwa bado mbali.

*

Ndiyo habari yenyewe. Kuna watakaosema mzee amejaza ukurasa kwa ajili ya nyanya. Mama Paskali naye angesema hivyo.

Nilichojifunza mimi, na umri huu ni aibu kujifunza: ukikosea, usikimbilie kulipa kwa kitu ambacho wewe unakiona kikubwa. Mimi nilipeleka mbuzi kwa sababu mbuzi ni wa kwangu, namjua, naona thamani yake. Nyanya zilikuwa za kwake na sikuwahi kuzitazama. Mtu unayemkosea ndiye anayejua alipoteza nini. Muulize. Kama hutaki kuuliza, basi angalau onja kile anachokuwekea mezani kabla hujakisogeza.

Na salsa tengenezeni, ni rahisi na ni tamu. Kitunguu kioshwe kwa chumvi, pilipili usishike jicho, chumvi ya kula iwe ya mwisho. Kwa mbegu mimi na Fausta bado tunabishana. Yeye anasema zitolewe. Hapa nyumbani hazitolewi, na maji yake tunachovya ugali.

Baadhi ya zile mbegu ziliota. Miche ni dhaifu kidogo, imezungushiwa miba minene, na mwenye nayo haniruhusu kumwagilia bila kusimamiwa. Kuna kitu kimeanza kutoboa majani ya chini, si kiwavi, ni vitundu vidogovidogo kama vya sindano. Tumejaribu majivu, tumejaribu maji ya pilipili. Wenye uzoefu na nyanya za asili, hasa wa nyanda zetu hizi za baridi, mniambie mnafanyaje. Na wale ambao mke yuko kwa dada yake saa hizi "anamuuguza", andikeni pia, hatutacheka sana.

Mkijibu nitachelewa kuona. Ananiita nikashike ndoo.